Nilijifunza kuchora upya ili mama amwone baba

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama nikiwa na umri wa miaka 44, mbele ya yai moja la kuku lililowekwa juu ya karatasi nyeupe, penseli mkononi. Wakati huo nilikuwa nimekula jasho la rangi na brashi kwa miaka 25, na pale mjini Voi hakukuwa na mtu aliyethubutu kuniambia kwamba sijui kuchora. Aliyeniambia alikuwa mama yangu mzazi, tena bila kukusudia.

Ndugu msomaji, ili unielewe vyema, yafaa kwanza nikueleze kazi yangu. Nilianza kuandika mabango mwaka wa 1989, mara tu nilipomaliza shule. Maduka, mikahawa, bucha, gereji na vinyozi wote walinijua. Ukutani kwa kinyozi nilichora vichwa vinne vya vijana wenye mitindo tofauti ya nywele. Kwa muuza nyama nilichora ng'ombe aliyenona. Watu walipita wakasimama, wakatikisa vichwa wakasema kijana huyu amejaliwa kipawa.

Leo nitafichua siri. Ng'ombe wangu alikuwa mmoja tu! Nilimnakili kutoka kwenye kalenda nikiwa kijana, mkono ukamzoea, na tangu siku hiyo nikawa namchora yule yule katika kila bucha, akitazama kushoto. Mwenye bucha mmoja aliponiomba ng'ombe wa kutazama kulia, nilimwambia kwamba ng'ombe wa kulia huleta nuksi katika biashara. Alikubali, nami nikapona.

Picha ikiwa ngeni kwangu, nilikuwa na mbinu ya viboksi. Niliigawanya picha ndogo kwa mistari, nikapiga viboksi vikubwa ukutani, kisha nikahamisha kilichomo katika kila kiboksi hadi picha ikamilike. Mbinu hiyo ni ya zamani na si mbaya. Ubaya ni kwamba mtu anaweza kuitumia miaka 25 bila kujifunza lolote kuhusu kitu anachokichora.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010, mashine za kuchapisha mabango ya plastiki zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Mwenye duka alipata bango lake kwa siku moja, tena lenye picha iliyopigwa kwa kamera. Kazi ikapungua, nikawa mtu wa kugusiagusia mabango ya zamani yaliyochujuka. Hata hivyo, moyoni nilijiambia kwamba mashine ni mashine, na mimi ni msanii.

OMBI LA MAMA

Baba yetu alifariki mwaka wa 1986 nikiwa na umri wa miaka 16. Alikuwa katika genge la watu waliotengeneza njia ya reli. Kitambulisho chake kilirudishwa serikalini tulipofuata cheti cha kifo, kama sheria inavyotaka. Picha chache alizoziacha zilikuwa katika sanduku la mbao, na paa lilipovuja msimu mmoja wa mvua za masika, zilishikana zikawa kama mkate uliolowa. Ilibaki moja tu, aliyokuwa nayo shangazi. Katika picha hiyo wamesimama wanaume tisa na machepe yao kando ya reli. Baba ni wa tatu kutoka kushoto. Uso wake ni mdogo kama punje ya hindi, na kofia imetia kivuli machoni.

Mapema mwaka wa 2014, mama alianza kugonga vitu vilivyokuwa kando yake. Angemimina chai vizuri kikombeni, lakini asione sufuria iliyokuwa karibu na kiwiko. Tulimpeleka hospitalini, naye daktari akatuambia ana presha ya macho. Alitueleza kwamba ugonjwa huo huharibu mshipa unaotoa habari machoni na kuzipeleka kwenye ubongo. Mara nyingi huanza kwa kula pembeni mwa kile mtu anachokiona, bila maumivu, hivi kwamba mgonjwa hashtuki hadi uharibifu uwe mkubwa. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone husaidia kupunguza kasi tu.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani mama alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe si mchoraji? Nichoree baba yako nimtazame kabla dirisha halijafungwa."

Ombi dogo kama hilo lingenishindaje? Nilichukua ile picha ya shangazi, nikaipeleka studio ikuzwe. Iliporudi, uso wa baba ulikuwa mawingu matupu. Sikujali. Nilipiga viboksi vyangu, nikachora kwa siku tatu, nikatia rangi na kumaliza kwa vanishi. Siku ya Jumapili baada ya kanisa nikampelekea mama.

Mama aliichukua ile picha, akaisogeza karibu na mlango penye mwanga. Aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ya upole, "Huyu ni nani, mwanangu?"

Kabla sijajibu aligundua alichokisema. Akainua uso haraka na kujaribu kunifariji. "Nguo ni zake," akasema. "Nguo hizi ni zake kabisa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yaani kwa miaka 25 ya kazi, nilichoweza kumpa mama yangu kilikuwa shati la mumewe.

MAYAI, VIBIRITI NA VITI

Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa somo la sanaa aliyekuwa akiishi upande wa Mwakingali. Niliwahi kumwandikia kibao cha lango lake, nami nilijua kwamba alifundisha katika shule za upili kwa miaka mingi. Nilimpelekea ile picha nikitaraji anionyeshe mahali pa kurekebisha kidogo, labda pua au mdomo.

Aliitazama, akaniuliza, "Sikio linaanzia wapi na kuishia wapi?"

Nikamwambia liko kando ya kichwa.

Akacheka. "Wewe unachora unachodhani unakijua, huchori unachokiona. Jicho lako halijafunzwa. Mkono hauna kosa lolote."

Aliniambia kwamba akinifundisha kuchora uso kabla ya kujua kuchora sanduku, atakuwa amenidanganya na kula pesa zangu bure. Akaniwekea sharti. Nusu saa kila siku, bila kukosa, na kila karatasi niandike tarehe nyuma yake. Nisifute kitu. Mstari ukikosewa, nichore mwingine kando yake ili kosa libaki likionekana. Na kila wiki nishughulikie jambo moja tu.

Wiki ya kwanza jambo hilo lilikuwa mstari. Ndiyo, mstari! Nilipiga mistari kutoka nukta moja hadi nyingine, mirefu na mifupi, kisha miduara, nikijifunza kusogeza mkono mzima kutoka begani badala ya kukwangurakwangura kwa kiganja. Mtu aliyezoea kuandika majina ya maduka kwa herufi za kimo cha mtoto alikuwa ameketi mezani akipiga mistari kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Baadaye yalifuata maumbo manne ambayo mwalimu aliyaita nguzo za nyumba: mchemraba kama sanduku, tufe kama mpira, mcheduara kama mkebe, na pia kama kofia ya msonge. Alisema kila kitu duniani kinaweza kujengwa kutokana na hayo. Shingo ni mkebe. Kidole ni mikebe mitatu midogo iliyofuatana. Kichwa ni yai lililokalia mkebe. Nilichora kibiriti kikiwa kimelala, kimesimama, kimefunguliwa nusu, kikiwa chini ya kiwango cha macho na kikiwa juu ya kabati.

Siku moja mwalimu alinichukua hadi kwenye njia ya zamani ya reli. Tulisimama kando, mahali ambapo njia imenyooka. Akaniuliza ninaona nini. Nikasema reli mbili. Akauliza, "Zinaachana kwa kiasi gani?" Nikajibu mita moja, kwa maana baba aliniambia hivyo nikiwa mtoto. "Basi nionyeshe ile mita moja pale mbali," akasema. Nikatazama. Pale mbali hapakuwa na mita moja. Reli zilikuwa zimekutana zikawa nukta, na nukta hiyo ilikuwa sawa kabisa na kimo cha macho yangu. Akaniambia nichuchumae. Nukta nayo ikashuka pamoja nami.

Ndugu msomaji, nilikulia kando ya reli hiyo. Baba alikula na kutulisha kutokana na reli hiyo. Lakini sikuwahi kuitazama. Wachoraji wa Italia walifafanua kanuni hiyo karne ya 15, nami nilikuwa nikiipita kila siku nikienda kununua mkate.

Zoezi lililonitesa zaidi lilikuwa la kiti. Niliambiwa nisichore kiti, bali nichore nafasi zilizo wazi kati ya miguu yake na mbao za mgongo wake. Nilidhani mzee ananichezea. Nilipomaliza kuchora zile nafasi, kiti kilikuwa kimejitokeza chenyewe karatasini, tena kilichosimama imara kuliko kiti chochote nilichowahi kuchora. Sababu ni kwamba akili ina picha yake ya kiti tangu utotoni, na ukitaja kiti inakuletea hiyo. Lakini haina picha ya nafasi iliyo wazi, kwa hiyo inalazimika kutazama. Kwa sababu iyo hiyo alinifanya ninakili picha zikiwa zimegeuzwa juu chini.

Halafu ndipo likaja lile yai. Yai jeupe juu ya karatasi nyeupe, dirisha moja upande wa kushoto. Nilitakiwa nitafute mambo matano: mahali panapong'aa zaidi, mahali pa mwanga wa kiasi, kivuli cha yai lenyewe, mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani na kugusa tumbo la yai, na kivuli kinachoangukia meza. Huo mwanga wa nne sikuwa nimeuona maishani mwangu. Ukiukosa, yai linakuwa bapa kama sarafu. Ukiupata, yai linainuka kutoka karatasini ukadhani litabingirika.

MANUNG'UNIKO NYUMBANI

Nisije nikakudanganya kwamba mambo yalikuwa mteremko. Mke wangu alivumilia kwa miezi kadhaa, kisha akachoka. Kazi ilikuwa imepungua, kifungua mimba wetu alikuwa shule ya upili na karo ilikuwa inatusubiri, na baba mwenye nyumba naye ameketi dirishani tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri akilitazama yai.

"Baba watoto," akaniambia siku moja, "yai ni la kuliwa. Hili umelitazama wiki nzima. Linakwambia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kumweleza habari za mwanga unaorudi kutoka mezani, akaniangalia kama anayetafakari kuwaita wazee. Tulikubaliana kwamba mayai yatapikwa kila yanapomaliza kazi, na kwamba nusu saa yangu itakuwa kabla ya jua kuchomoza vizuri ili nisile saa za kutafuta riziki. Karatasi sikununua. Nilichora nyuma ya kalenda za miaka iliyopita, ambazo nilikuwa nazo tele kwa kuwa wenye maduka walikuwa wakinipa.

Mwaka wa 2015 niliacha kabisa kwa miezi mitatu. Nilipata kibarua cha kupaka rangi majengo Mombasa, nikirudi jioni nimechoka kama punda. Niliporudi kwa mwalimu mkono ulikuwa mzito na jicho limerudi kwenye uvivu wake. Nilimwomba radhi. Hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba laiti ningechora dakika tano kila jioni kule kule Mombasa, hata kiatu changu, nisingepoteza kitu. Nusu saa kila siku, akasema, inashinda siku nzima mara moja kwa mwezi. Bandu bandu huisha gogo.

Kosa jingine nililifanya kwa kiburi. Nilichora jagi nikalitia kivuli kwa ustadi mkubwa, laini kama hariri, nikampelekea mwalimu nikisubiri sifa. Aliweka rula katikati ya jagi, akanionyesha kwamba upande mmoja ulikuwa mnene kuliko wa pili na mdomo wake umepinda. "Umepaka rangi ukuta uliobomoka," akasema. Kuanzia siku hiyo nilijifunza kupima kwanza: kunyoosha mkono mbele, kufumba jicho moja, na kutumia penseli kulinganisha urefu na upana kabla ya kutamani uzuri.

Mwalimu alipenda kunisimulia habari za Vincent van Gogh, Mholanzi aliyeamua kuwa mchoraji mwaka wa 1880 akiwa na umri wa miaka 27, baada ya kushindwa katika kazi nyingine. Jambo alilofanya mtu huyo lilikuwa kunakili mazoezi ya msingi ya Mfaransa Charles Bargue, karatasi baada ya karatasi, tena akayarudia. Miaka kumi baadaye alifariki, lakini kwa hiyo miaka kumi alikuwa ameiachia dunia kazi ambazo hadi leo watu husafiri kwenda kuziona. Nilimwambia mwalimu kwamba mimi nina miaka 45. Akanijibu kwamba basi nimechelewa vya kutosha, nisiendelee kuchelewa.

USO

Ilipofika zamu ya uso, mwalimu alinikataza kugusa picha ya baba. Nilipaswa kwanza kuwachora walio hai. Na kwa kuwa mama hakuwa akitoka sana, yeye ndiye aliyekuwa akikaa mbele yangu. Nilimchora akichambua maharagwe, akisinzia, akisikiliza redio, akiwa amejifunga leso kichwani. Nyingine nilichora kwa nusu dakika tu, kunasa jinsi mwili unavyoegemea. Nyingine zilichukua saa nzima.

Hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu wote wa miaka ile. Macho ya mtu yako katikati ya kichwa, nusu kwa nusu kutoka utosini hadi kidevuni. Mimi nilikuwa nikiyapandisha juu karibu na nywele, kwa maana tukimtazama mtu tunatazama uso na kusahau fuvu. Kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya kutosha jicho jingine. Sikio, lile lililonishinda kujibu siku ya kwanza, kwa kawaida huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, lakini mtoto wa mwaka mmoja ana vichwa kama vinne tu. Si ajabu watoto niliowachora kwenye kuta za zahanati walionekana kama wazee wafupi!

Hizi ni kanuni za jumla. Kila mtu huachana nazo kidogo, na pale anapoachana nazo ndipo alipo yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililokuwa limenikosesha baba. Sikuijua kanuni, kwa hiyo sikuweza kujua yeye aliivunja wapi.

Basi nilianza kumtafuta baba ndani ya jamaa. Ndugu yangu mkubwa ana taya lake. Nilimchora kutoka pande zote hadi akaanza kunikwepa. Shangazi ana pua yake. Mwanangu wa pili, ambaye hakumwona babu yake, ana masikio yaliyosimama kama yale yanayoonekana katika picha ya wanaume tisa. Hiyo picha yenyewe, ingawa uso ni kama punje, ilinionyesha umbo la kichwa, upana wa mabega na jinsi alivyoinamisha shingo kidogo upande mmoja. Na kwa kuwa sasa nilijua mwanga unavyofanya kazi, niliweza kukisia kilichomo ndani ya kile kivuli cha kofia.

Mengine yalitoka kwa mama. Uwezo wake wa kuona ulikuwa unazidi kufinyika, akawa ni kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Lakini vidole vyake vilikumbuka. Alishika uso wa ndugu yangu, akaupapasa kwenye mashavu, akasema, "Hapa baba yenu alikuwa mpana zaidi." Akashika nyusi. "Hapa palijitokeza kama ukingo." Nami nikaandika, nikachora, nikamsomea nilichochora, akanisahihisha. Nilitupa picha kumi na moja.

Ya kumi na mbili niliimaliza Septemba mwaka wa 2016. Ilikuwa ya penseli tupu, za 2B na 6B, haina rangi wala vanishi. Nilimchora na kofia yake ya kazi kwa sababu ndivyo alivyo katika picha ya pekee tuliyo nayo.

Nilimpelekea mama akiwa ameketi mlangoni, mahali pale pale. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza polepole mbele ya macho yake, kwa kuwa hakuweza kuiona yote kwa mara moja. Aliona jicho. Akaona pua. Akarudi kwenye jicho. Akashuka hadi mdomoni na kukaa hapo. Mimi nilikuwa nimesimama nikihesabu pumzi zangu. Mke wangu naye alikuwa ametoka jikoni, mikono imejaa unga.

Mama hakulia kama nilivyotarajia. Aligeuka akamwambia mke wangu, "Mwambie avue kofia. Yumo ndani ya nyumba."

Mke wangu ndiye aliyelia. Tangu siku hiyo sikusikia tena neno lolote kuhusu mayai.

NILICHOVUNA

Mama alipoteza uwezo wote wa kuona mwaka wa 2018, na akatutoka mwaka wa 2020. Ile picha ilikuwa imening'inia juu ya kitanda chake wakati wote huo. Hakuiona tena, lakini wageni wakiingia alikuwa akiwaonyesha kwa kidole mahali ilipo, wala hakukosea.

Siku chache kabla ya mazishi ndugu yangu aliniuliza kama tuna picha nzuri ya mama ya kuweka kwenye ratiba ya ibada. Nilifungua kabati nikatoa furushi la zile kalenda kuukuu. Nilipozigeuza, tulimkuta mama humo zaidi ya mara mia mbili, kila mara na tarehe yake. Mama anachambua maharagwe, 14 Machi 2016. Mama amesinzia. Mama anacheka kitu kilichosemwa redioni. Nyingi zina mistari iliyokosewa, maana niliambiwa nisifute. Tuliketi sakafuni na ndugu yangu mpaka usiku wa manane tukimpitia mama karatasi moja moja. Nilipoanza mazoezi yale nilikuwa namtafuta baba, sikujua kuwa nilikuwa nikimwekea mama akiba.

Watu huniuliza nifanyeje ili nami nijue kuchora. Wengi wanataka niwaonyeshe jinsi ya kuchora jicho. Nami nawajibu kama nilivyojibiwa: anza na sanduku. Tenga nusu saa, au hata robo saa, lakini iwe kila siku. Chagua jambo moja kwa wiki na usirukie jingine. Chora kitu kilicho mbele yako kabla ya kunakili picha ya mtu mwingine. Pima kwanza, pamba baadaye. Andika tarehe, na usitupe makosa yako, kwa maana ukiyatazama baada ya mwaka ndiyo yatakayokuambia umetoka wapi. Penseli moja ya HB na nyingine laini ya 4B zinatosha, na karatasi ni ile yoyote uliyo nayo.

Jambo jingine si la kuchora, lakini siwezi kulinyamazia. Presha ya macho mara nyingi hufuata ukoo. Mimi na ndugu zangu sote tulikwenda kupimwa, na mmoja wetu aligunduliwa mapema kabla hajapoteza kitu. Ikiwa katika jamaa yako kuna mtu aliyeugua ugonjwa huo, usingoje hadi uanze kugonga sufuria.

Siku hizi mabango naandika machache sana. Kila Jumamosi watoto saba au wanane wa mtaani huja kwangu na penseli zao. Wanapofika kwa mara ya kwanza huniomba niwafundishe kuchora gari au mchezaji wa kandanda. Mimi huwapa kila mmoja kibiriti na kuwaambia wakitazame. Hununa kweli kweli. Juzi msichana mmoja wa miaka kumi alikaa na chake kimya kwa muda mrefu, halafu akainua kichwa akaniuliza, "Mwalimu, mbona hiki kibiriti kina upande ambao siuoni, lakini najua uko?"

Nilimwambia aendelee kuchora.